Stan Laurel ni Mwingereza
Kuna wanaodhani Stan Laurel, wa wale wachekeshaji wawili wa filamu Laurel na Hardy, alikuwa Mmarekani. Hapana, hakuwa. Yule mwembamba ni Mwingereza, mzaliwa wa Ulverston, 1890, jina lake halisi Arthur Stanley Jefferson. Mmarekani ni mwenzake mnene, Oliver Hardy, wa Georgia. Nimesoma wasifu wa Laurel zaidi ya mara moja: jukwaani alianza Glasgow mwaka 1906, kijana wa miaka 16, kavaa nguo za baba yake zinampwaya, na mzee mwenyewe yumo ukumbini anamtazama! Marekani alifika 1910 na kundi la vichekesho vya jukwaani la Fred Karno, akiwa mwigizaji wa akiba wa Charlie Chaplin. Na Hardy waliungana rasmi 1927, ingawa walishawahi kuonekana kwenye filamu moja kabla ya hapo.