"Skii za mlima mzima" au "skii za mlimani kote"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri, naishi Ujiji, Kigoma. Nimepata kazi ya kutafsiri maelezo ya skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, za aina inayotengenezwa itumike sehemu zote za mlima. Sentensi moja nimeiandika hivi: "Skii hizi za mlima mzima zina kiuno kinene cha milimita 96, kingo kali na roka ya mbele, zinawafaa watelezaji wa kati hadi wa juu." Mwenzangu kaisoma akasema haelewi kitu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Sarufi yako haina kosa, ndiyo maana umeshindwa kuliona tatizo mwenyewe. Liko kwenye maana, na zito kuliko yote ni hilo la "mlima mzima".

Ukisema mtoto amekula mkate mzima, unauhesabu mkate kuwa kitu kimoja ambacho hakikubaki hata kipande. Na mlima mzima ni hivyohivyo, kitu kimoja toka chini hadi kileleni. Lakini skii hizi hazisifiwi kwa kuumaliza mlima. Zinasifiwa kwa sababu mtu hushuka nazo asubuhi kwenye theluji iliyoshindiliwa na mashine, ngumu kama sakafu, kisha mchana akaingia nazo katikati ya miti kwenye theluji tifutifu, asihitaji kubadilisha. Kwa jambo la namna hiyo tunayo ngeli ya mahali: pote, kote, mote. "Mlimani pote" ni mahali dhahiri, penye mipaka yake. "Mlimani mote" ni kwa ndani. "Mlimani kote" ni huku na huko, popote mtu atakapofika. Mvuvi wa Kibirizi, hapo Kigoma, akikwambia "nimezunguka ziwani kote sijapata dagaa", humwelewi kwamba amelimaliza Ziwa Tanganyika na urefu wake wa takriban kilomita 670. Unamwelewa kwamba alikwenda huku, akajaribu na kule. Basi andika "skii za mlimani kote". Napenda sana neno dogo kama "kote" linapofanya kazi ambayo maelezo ya mstari mzima yangeifanya vibaya.

Kiuno kibaki, ni neno zuri: ni ile sehemu ya katikati, chini ya kiatu, ambapo skii ni nyembamba kuliko nchani na mkiani. Umeteleza kwenye "kinene". Kivumishi -embamba kina vinyume viwili, -nene na -pana, na hapa kinachopimwa ni upana. Kosa hili si dogo, maana skii ina unene wake pia, nao ni habari nyingine: ndani mna mbao, na mara nyingi bamba la aloi ya alumini la kupunguza mtetemo. Kiuno cha skii za mashindano ya kona fupi huwa karibu milimita 65 hadi 70. Skii za theluji nyingi tifutifu huvuka 105. Za mlimani kote hukaa katikati, kama 85 hadi 100, kwa kuwa kiuno kipana huelea juu ya theluji laini, na chembamba hukata kona upesi. Msomaji akisoma "kinene" habari hiyo yote inampotea.

Kuhusu "kingo": ukingo ni wa mto, wa kitanda, wa meza. Skii ina utepe wa chuma kila upande wa chini, na utepe huo hunolewa kwa tupa kama unavyonoa panga. Kinachotiwa tupa Waswahili tunakiita makali.

Neno "skii" nimelikubali kwa sababu hatuna lingine fupi, na linaingia vizuri kwenye ngeli ya I-ZI: skii hii, skii hizi, jozi ya skii. "Roka", yaani ule mwinuko wa ncha ya mbele, sijaikubali. Nenda Kibirizi jioni uitazame mitumbwi iliyovutwa mchangani. Mbele imeinuka, unaweza kupitisha mkono chini yake. Ncha ya skii hizi ndivyo ilivyo, na sababu ni ileile: mtumbwi upande juu ya wimbi badala ya kulichimba, skii ipande juu ya theluji laini badala ya kuzama. Sema "ncha iliyoinuka". Chini ya kiatu kuna umbo la kinyume. Ukiilaza skii sakafuni, katikati huacha uwazi mdogo kama tao la daraja. Mtelezaji akisimama juu yake tao linalala, uzito unasambaa kuelekea ncha na mkia, na makali yanashika theluji ngumu. Liite tao. Skii nyingi za mlimani kote zina vyote viwili, tao kiunoni na ncha iliyoinuka, na bila maneno hayo mawili huwezi kumweleza mtu kwa nini zinamudu theluji ngumu na laini.

"Watelezaji wa kati hadi wa juu" kwenye habari za mlima husomeka kama watu waliosimama katikati ya mlima na wale walioko kileleni. Tunao "wanaojimudu" na "waliobobea". Sentensi yako iwe: "Skii hizi za mlimani kote zina kiuno chenye upana wa milimita 96, makali yaliyonolewa na ncha iliyoinuka, zinawafaa wanaojimudu hadi waliobobea."

Katika kurasa zilizobaki, jihadhari na kitenzi "kuskii". Kikanushe useme "mtoto haskii", na atakayekusikia atadhani umesema hasikii. "Kuteleza kwa skii" inatosha. Usichanganye theluji na barafu, kwani anayeteleza kwenye barafu huvaa viatu vyenye vyuma, huo ni mchezo mwingine. Vifungio vya kiatu, mtu akianguka vibaya, havifunguki tu, hufyatuka. Na kile kinachopakwa chini ya skii ili iteleze, tafadhali usikiandike "waksi". Ni nta. Waulize jirani zetu wa Tabora, warina asali, kama wamewahi kuiita kwa jina lingine.