Tope la kwenye ufa msilioshe

Wadogo zangu mnaoanza jiolojia hapa Dodoma, najua mnavyoona, kila jiwe granaiti, basi kazi imeisha. Mi nilikua hivohivo. Kazi yangu ya kwanza ilikua kisima kirefu, nakaa pembeni ya mtambo napanga sampuli kwenye turubai kila mita moja, tukafika sehemu ikaanza kutoka tope la kijivu lenye ukijani, linateleza kama sabuni, nikaliosha mpaka zikabaki chenga chache za kwatzi, yale madini magumu ya granaiti, alafu kwenye fomu nikaandika granaiti. Mzee aliyekua anatusimamia akaniuliza, "Tope liko wapi?" Nimelimwaga mzee. Kumbe nimemwaga ufa wenyewe.

Iko hivi, ufa mkubwa, yani pale mwamba ulipokatika pande zikasogea, una upana, sio mstari kama unavyochorwa kwenye ramani. Pande mbili zikisuguana, huku juu mwamba unasagika kama mtama, kwanza chenga alafu unga. Zile chenga zenye pembe kali ndo breksha. Ukishakua unga na maji yakapita humo, feldispa, yale madini mengine ya granaiti, inageuka mfinyanzi, hiyo ni gauji, ndo tope langu. Mwanajiolojia Sibson mwaka 1977 aliweka mpaka, vipande vya kuonekana kwa macho vikizidi asilimia 30 ni breksha, vikipungua gauji, na zote mbili hazijashikamana. Ukikuta imesagika ila ngumu, nyundo inalia, hiyo ni kataklasaiti.

Mnaoenda kwenye visima shikeni hili: breksha inapitisha maji, gauji inaziba. Yani ufa huohuo ukiufuata kwa urefu ni bomba, ukitaka kuukatisha ni ukuta. Maji ya Makutupora tunayokunywa mjini yako kwenye granaiti iliyooza na kupasuka, sasa we endelea kuosha tope.

Mailonaiti, mwamba wa ufa wa kule chini sana, ndo inawachanganya wengi. Mwanajiolojia Charles Lapworth aliipa jina 1885 kule Scotland kutoka neno la Kigiriki la kinu, akidhani imesagwa, na jina limebaki kutudanganya mpaka leo. Kule chini kama kilomita 10 mpaka 15, joto likigonga nyuzi 300 hivi, kwatzi haivunjiki tena, inavutika kama unga wa chapati, punje zinajiunda upya ndogondogo. Feldispa inagoma, inabaki kama macho yenye mikia. Chukua lenzi uangalie hiyo mikia, inakwambia upande gani ulienda wapi.

Ile nyeusi kama kioo, pseudotakilaiti, ni mwamba ulioyeyuka kwa msuguano wa tetemeko, msiiite dayki ya basalti, yani magma nyeusi iliyopenya kwenye mwamba ikaganda, kama nilivyoita mimi mbele ya watu.

Mkipita Bahi kwenda Manyoni mkauona ule mteremko mrefu, huo umetokana na ufa, shukeni mwangalie. Ila gauji ikikauka inapasukapasuka na huoni kitu tena, kwahiyo mi hua nabeba makopo ya mtindi yenye mifuniko, nachota na unyevu wake, naandika juu mshale wa kaskazini.