Spermidini ya kopo na dawa za presha

SWALI: Baba yangu ana miaka 68 na anatumia dawa za presha. Hapa Moshi ameuziwa kopo la unga wa spermidini, akaambiwa kwamba hurudisha ujana, husafisha mishipa na kuongeza nguvu za kiume. Sasa anataka kuacha dawa zake. Je, unga huu ni salama? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, mzee asiache dawa za presha hata kwa siku moja, na daktari wake aonyeshwe kopo hilo. Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara hapa Arusha katika kazi ya ushauri wa lishe, na nyuma yake huwa kuna hoja ileile: kwamba spermidini, kemikali iliyomo ndani ya seli za viumbe hai, ni kitu cha asili, kwamba hupungua mwilini umri unaposogea, na kwa hiyo kuinywa kwa wingi ni kurudisha kilichopotea. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na ndiyo maana inauzika.

Mwili hutengeneza spermidini kutokana na putresini, kemikali nyingine ya mwilini, bakteria wa utumbo huongeza nyingine, na chakula huleta iliyosalia. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa hamira, nzi wa matunda na minyoo waliopewa spermidini waliishi muda mrefu zaidi, kwa kuwa seli zao zilichochewa kuvunjavunja sehemu zilizochakaa na kuzitumia upya. Lakini mzee wako si nzi wa matunda. Katika jaribio la Berlin lililochapishwa mwaka 2022, wazee 100 waliohisi kumbukumbu zao zinafifia waligawanywa, wengine wakapewa miligramu 0.9 kwa siku na wengine vidonge visivyo na kitu, na baada ya miezi 12 kumbukumbu za makundi hayo hazikutofautiana kwa kiwango cha maana. Ahadi ya nguvu za kiume nadhani imetokana na fuwele za spermini, nduguye spermidini, ambazo Leeuwenhoek, Mholanzi aliyechunguza vitu kwa hadubini, aliziona katika shahawa mwaka 1678. Huo si ushahidi wa tiba yoyote.

Kinachoniudhi zaidi ni kile ambacho wauzaji hawakitaji. Kila seli inayogawanyika huhitaji poliamini, yaani jamii ya kemikali ambayo spermidini ni mojawapo, na seli za saratani huzihitaji kwa wingi, kiasi kwamba eflornithini, dawa inayozuia utengenezaji wake mwilini na iliyotumika miaka mingi kutibu malale ya Afrika Magharibi na Kati, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa wa neuroblastoma, saratani ya watoto. Sisemi kwamba unga huo huleta saratani. Nasema kwamba kitu ambacho madaktari hulazimika kukizuia kwa baadhi ya wagonjwa hakiwezi kunadiwa mtaani kuwa kadiri kinavyozidi ndivyo kinavyofaa.

Anayeitaka spermidini ataipata katika soya, mbaazi, njegere, uyoga na kiini cha nafaka, kile tunachokikoboa ili tupate sembe nyeupe, kisha pumba yake tukawapa kuku. Kande za mahindi yasiyokobolewa na maharage zinamfaa mzee kuliko kopo hilo, mradi chumvi iwe kidogo.

Onyo langu haliishii kwenye unga huu. Anayeuza kopo moja kwa presha, kumbukumbu na unyumba kwa pamoja, bila kuandika miligramu zilizomo wala kumuuliza mnunuzi dawa anazotumia, hastahili kusikilizwa, hata akitaja utafiti wa nchi gani.