Barua pepe za kazi: "RE" si kichwa cha barua

Nikituma maombi ya kazi huanza na "RE: MAOMBI YA KAZI". Rafiki ananicheka. Nakosea? (Umoja)

Unakosea, ila umefunzwa hivyo shuleni: RE au KUH, herufi kubwa, mstari chini. Hiyo ni desturi ya barua ya karatasi. Kwenye barua pepe, programu yenyewe huweka Re mtu anapobonyeza kitufe cha kujibu. Afisa wa kuajiri akiiona kwa mtu asiyemjua, atatafuta mazungumzo yaliyotangulia, ayakose, kisha aanze kukushuku, maana matapeli nao hutumia ujanja uo huo. Andika jina la kazi, namba ya tangazo ikiwa ipo, halafu majina yako mawili. Simu huonyesha maneno machache tu ya mwanzo, kwa hivyo jina la kazi litangulie.

Usitume barua tupu yenye kiambatisho peke yake. Sentensi tatu hadi tano zinatosha: unaomba kazi gani, jambo moja linalokufanya ufae, umeambatisha nini, na namba ya simu. Wasifu uwe PDF yenye jina lako. "CV mpya ya mwisho 2" haimsaidii mtu mwenye faili mia mbili za CV. Na mpangilio wa kazi ni huu: ambatisha kwanza, andika maelezo, anwani ya mpokeaji ijazwe mwisho kabisa. Hapo barua haiwezi kukuponyoka ikiwa mbichi.

Mteja wa Westlands amechelewesha malipo wiki tatu. Nimkumbushe vipi bila kumuudhi? (Seremala, Gikomba)

Kudai chako si utovu wa adabu. Kinachochosha ni kuzungukazunguka. Jibu ile ile barua uliyotumia ankara, usianzishe mpya, ili ushahidi ukae pamoja. Kwa mfano:

"Habari za asubuhi, Bi. Atieno. Ankara namba 118 ya shilingi 64,000, kwa LPO (oda ya ununuzi) namba 0372, ilipaswa kulipwa tarehe 3. Nimeiambatisha tena. Naomba unijulishe kufikia Ijumaa italipwa tarehe gani. Asante."

Barua hiyo inaomba tarehe. Haiulizi kama wamesahau, swali ambalo hujibiwa "tunalishughulikia" na mambo yakaishia hapo.

Kabla ya kumpelekea mkubwa wake nakala, kagua ankara yenyewe. Tangu Januari 2024, KRA, mamlaka ya mapato, kwa kawaida haikubali gharama zisizo na ankara ya eTIMS (mfumo wake wa ankara za kielektroniki) zipunguzwe kwenye hesabu ya kodi, na mhasibu wa mteja anaweza kuiweka yako kando kimyakimya. Tena, usibadilishe namba ya akaunti ndani ya barua ya kukumbusha. Walaghai hufanya hivyo hivyo, na mteja makini atasimamisha malipo. Akaunti ikibadilika, mpigie simu kwanza.

Seva ya mteja inapokea hadi MB 25. Faili yangu ya MB 20 imerudi. Mbona? (South B)

Kiambatisho husafiri kikiwa kimegeuzwa kuwa maandishi ya kawaida, na katika kugeuzwa huko huvimba kwa takriban theluthi moja. MB 20 zako zilifika mlangoni zikiwa kama 27. Ofisi nyingine zina kikomo cha chini zaidi, kwa hivyo ikipita MB 10 tuma kiungo cha Drive. Kijaribu kwanza kwenye dirisha fiche la kivinjari: ukiambiwa uombe ruhusa, mteja naye ataambiwa hivyo.

Natuma tangazo kwa wazazi 60. Niwaweke wapi? (Kasarani)

Kwenye Bcc, yaani nakala fiche, na anwani yako mwenyewe kwenye nafasi ya mpokeaji. Anwani ya mtu ni data yake binafsi, inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Isitoshe, ukiwaanika wote, mmoja atabonyeza "jibu wote" kusema "Sawa, asante", na wenzake 59 wataipata.

Namwandikia mama nisiyejua kama ameolewa. Nimwiteje? (Rongai)

Ana cheo? Tumia cheo: Dkt., Prof., Mhandisi. Hana? "Bi." na jina la ukoo, halimuulizi mtu habari za ndoa yake. "Hi dear" iache kabisa.