Maswali ya Gereji: Tangi la kujitengenezea

SWALI: Shikamoo mzee wa gereji. Mimi na bro wangu tunaunda bagi (kigari cha wazi cha porini) hapa Mwanza, chasi tumechomelea wenyewe, injini ni 5A ya Corolla, ile ya nozeli zinazopuliza mafuta kwa presha, sio kabureta. Tumekwama kwenye tangi. Fundi wa mtaani anasema atukunjie la bati la zinki, sentimita 60 kwa 40 kwa 20, alifunge nyuma kabisa kwenye bampa maana ndo kuna nafasi, au achukue tangi bovu la pikapu alikate achomelee upya. Hela yenyewe ya mawazo mzee, tushauri.

JIBU: Marahaba vijana. Kwanza kabisa hilo tangi bovu mwambieni fundi asiliguse na moto. Tangi lililowahi kubeba petroli hata ulitikise ukasikia halina kitu, mvuke umejificha kwenye mikunjo na kwenye kutu, na kinacholipuka ni huo mvuke, tena petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Mwanza. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, watu hawaamini mpaka lipasuke.

Ila kama mtapata skrepa tangi zima la Corolla hiyohiyo, halina tundu, likaingia kwenye chasi yenu hata kwa kuhamisha paipu mbili tatu, chukueni. Linakuja na pampu ndani, boya la geji, njia ya ritani (ya kurudisha mafuta yaliyozidi kwenye tangi), kila kitu. Najua mnataka kuunda kila kitu wenyewe, lakini kwenye tangi ujanja hauna tuzo.

Likigoma kuingia ndo mtengeneze. Zinki hapana, moshi wake mweupe wakati wa kuchomelea utampa fundi homa usiku, na ikikutana na mafuta yenye maji inaachia unga unaokwenda kuziba filta na nozeli. Tafuta shiti nyeusi (ya chuma isiyopakwa zinki) ya geji 16, yaani unene wa kama mm 1.5, au alumini ya mm 3 kama una fundi wa TIG (kuchomelea kwa umeme na gesi) anayeijua kweli.

Sasa ndani, na hapa ndo wengi wanapopachukulia poa. Vipimo vyenu vinatoa lita 48, hizo zikijaa ni kilo kama 35 za kitu kinachotembea. Ukishika breki zote zinakimbilia mbele, ukikata kona zinapanda ubavuni, pampu inabaki inavuta hewa. Injini ya kabureta ina bakuli lake la akiba kidogo itavumilia, ya nozeli inakata hapohapo katikati ya kona. Kwa hiyo wekeni vibao viwili au vitatu vya kugawa, vitobolewe matundu, na pembe za chini zikatwe ili mafuta yapite taratibu. Halafu pale pampu inapovutia jengeni kijisanduku kidogo sakafuni chenye vitundu chini, na paipu ya ritani imwage humohumo, hapo hata robo tangi unakata kona bila wasiwasi.

Tangi lazima lipumue, bila hivyo pampu inavuta mpaka shiti inabonyea. Paipu ya kupumulia ipande juu kuliko mdomo wa kujazia na iwe na valvu inayojifunga gari likipinduka, bagi kupinduka si ajabu. Na msijaze mpaka mdomoni, mafuta yanatanuka juani.

Kwenye bampa msiweke kabisa. Ford Pinto ya Marekani tangi lilikaa nyuma ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma), ikigongwa nyuma tangi linasukumwa linatobolewa na bolti za difu, na mwaka 1978 Ford waliita magari kama milioni 1.5 kuyarekebisha. Wekeni mbele ya ekseli ya nyuma, ndani ya paipu za chasi, mbali na ekzosi, na kati yake na siti kuwe na ukuta wa bati. Lifungwe kwa mikanda yenye mpira, msilibane na bolti kwenye pembe maana chasi inajinyonga barabarani na weldi itapasuka. Waya wa ethi (wa kuondoa umeme tuli unaoweza kutoa cheche) kutoka mdomo wa kujazia mpaka kwenye chasi usisahaulike.

Kupima kama linavuja ni kabla halijaonja petroli, kwa povu la sabuni na pampu ya baiskeli. Sio kompresa! Upepo wa 0.2 ba (ba ni kipimo cha presha) unaonekana si kitu, lakini kwenye ule upande wa 60 kwa 40 unasukuma kama kilo 480, shiti inavimba na weldi inaachia. Pampu ya baiskeli pole pole, muwe na geji, 0.1 inatosha sana.

SWALI: Niaje fundi, niko Nakuru, mpira wa maji ule wa kuonekana ndani naeza utumia kwa laini ya petroli nikiubana na klipu poa?

JIBU: Hapana. Petroli inaufanya ugumu halafu unapasuka, na kwenye injini ya nozeli presha ni kama ba 3, utarusha mafuta juu ya ekzosi. Nunua mpira ulioandikwa wa mafuta ya injekshoni, na sehemu ndefu pitisha paipu ya chuma, mpira uwe vipande vifupi mwisho tu.