Historia ya Familia za Wanasiasa: Mke Muulize Habari Zake

Wanafunzi wa historia hapa Kisumu huniuliza kama kuna riziki katika kuchunguza wake na familia za wanasiasa. Riziki ipo, ila mshahara wangu unatoka darasani. Utafiti naufanya likizoni. Ukilijua hilo mapema, karibu sana, maana kazi ni nyingi na wazee wenye habari hizi wanatutoka kila msimu.

Ninalowasihi ni hili: usimwendee mke ili akusimulie mumewe. Mchukue Pamela Mboya. Baba yake, mwanasiasa Walter Odede, alikamatwa na Waingereza mwaka 1953 akawekwa kizuizini; mume wake, waziri Tom Mboya, akapigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969. Siasa za nchi hii zilimpitia mara mbili, akiwa binti na akiwa mke, na baadaye akaiwakilisha Kenya katika UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Anayemwandika kama mjane wa Mboya basi, amemnyima haki yake. Au Mary Juma, mama yake Raila Odinga: alifariki mwaka 1984 mwanawe akiwa kizuizini, na habari zikamfikia Raila baada ya wiki nyingi. Ukisoma habari hiyo kutoka upande wa walioachwa nyumbani, wakizika huku mtoto hajui, utaelewa kizuizini kilikuwa nini kuliko faili lolote litakavyokueleza.

Mafaili yasome, lakini yanamfuata mwanamume. Mimi nimefaidika zaidi na programu za mazishi, vile vijitabu vinavyogawiwa matangani na kesho yake vinafungiwa mandazi. Kusanya kila unachokiona. Tazama wake wameorodheshwaje, nani ameandikwa ni mke wa ngapi, watoto wa nyumba ipi wamepewa ukurasa wa picha, na nani hatajwi kabisa. Ukipata vijitabu vya mazishi mawili ya boma moja, vilinganishe jina kwa jina. Hapo ndipo maswali mazuri hutokea.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiwe mkononi, barua kwa chifu pia. Ukifika kwenye boma la wake wengi, anzia kwa mikayi, yaani mke wa kwanza kwa Kijaluo, hata kama aliyekualika ni mke mdogo. Kisha kila mama umsikilize nyumbani kwake, peke yake. Ukiwaweka pamoja, mmoja atasema na wengine wataitikia.

Kuna jambo linaloniumiza moyo katika kazi hii: urithi. Mama anaweza kukueleza kwa nia njema shamba lilinunuliwa lini na kwa pesa za nani, na kumbe kesi iko kortini. Uliza mapema kama kuna kesi. Ikiwapo, zima kinasa sauti mnapofika kwenye mashamba, na umwambie waziwazi kwa nini umekizima. Picha nazo zipige kwa simu palepale mezani, mwenyewe akiona. Usiondoke na albamu ya mtu, hata akikusihi uichukue.