MASWALI YENU: Marehemu alisaini na penseli gani?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni msomaji wako wa Tabata. Mwezi uliopita nilinunua picha kubwa ya ndege za vita pale Karume kwenye mitumba, kioo kimepasuka ila karatasi nzima, nikatoa elfu arobaini. Kuna ndege ya Kijerumani ina namba 14 ya njano ubavuni, iko juu ya jangwa, na chini kwenye ule weupe kuna sahihi tatu za penseli na maandishi 412/1000. Jamaa wa mtandaoni anasema sahihi moja ni ya Marseille mwenyewe, rubani wa hiyo ndege, na ananiuzia cheti cha kuthibitisha kwa laki mbili ili nikaiuze mamilioni. Nimlipe? Halafu bi mkubwa hataki hata kuiona sebuleni, babu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapigana Burma.

JIBU: Marahaba. Hiyo laki mbili iache hapohapo kwenye simu. Hans-Joachim Marseille alikufa tarehe 30 Septemba 1942 huko Misri, kijana wa miaka 22 tu. Injini ya ndege yake, Messerschmitt, ilishika moto, moshi ukajaa ndani, akaruka, akajigonga kwenye mkia na parachuti halikufunguka. Biashara ya picha hizi za kuchapwa zenye namba na sahihi imekuja kushamiri miaka ya 80 na 90 huko Uingereza na Marekani, kwa wachoraji kama Robert Taylor na Nicolas Trudgian. Sasa mdogo wangu, marehemu alisaini na penseli gani?

Ila usiitupe. Namba 14 ya njano ni ndege yake kweli, na kinachofanyika kwenye picha za namna hii ni kwamba mchapishaji anawatafuta wenzake waliobaki hai, wanakaa mezani wanasaini karatasi moja moja mpaka mkono unakufa ganzi. Eduard Neumann, aliyekuwa kamanda wake kule jangwani, ameishi mpaka 2004. Marubani wengine wa Kijerumani wa vita ile, Adolf Galland kafariki 1996, Günther Rall 2009, na Erich Hartmann, yule anayehesabiwa kuangusha ndege 352 na Warusi wakaja kumfunga mpaka 1955, kafariki 1993. Kwa hiyo kabla hujaangalia sahihi angalia mwaka, uko kwenye yale maandishi madogomadogo chini ya picha, halafu linganisha na mwaka aliokufa huyo unayeambiwa kasaini. Kuna watu wanachukua kadi ya zamani yenye sahihi ya kweli wanaibandika pembeni ndani ya fremu, hiyo sio dhambi ila ni kitu kingine, lazima muuzaji akwambie.

Hatua ya pili, beba picha yako uende kwa fundi saa yeyote mwombe ile lenzi anayobana jichoni. Sahihi iliyochapwa na mashine utaona imejaa vidoti vidoti kama dawa ya kunyunyiza. Ya penseli haina vidoti, ina ukungu wa kijivu umekamata kwenye vinyweleo vya karatasi, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirishani inang'aa kidogo. Mimi ya kwanza kununua nilijisifia nyumbani wiki nzima, kwenda kwa fundi saa nikaona vidoti kwenye sahihi zote nne, yani nilirudi kwa mguu maana hata nauli sikuitamani tena.

Hiyo 412/1000 ni nakala ya 412 kati ya 1000, basi, wala namba ndogo haimaanishi imechapwa vizuri zaidi. Na cheti cha kweli kinazaliwa na picha, kinatoka kwa mchapishaji na namba ileile. Cha kununua baadae kwa mtu ambaye hata hajaishika picha ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kuhusu bi mkubwa. Babu yako Burma alipigana na Wajapani, sio hawa, ila upande ni uleule mmoja na mama ana haki yake. Wapenzi wa picha hizi wanapenda kusema hawa jamaa walikuwa marubani tu, mimi siimezi yote hiyo, walirusha ndege za Hitler na walijua wanamrushia nani. Lakini pia kuna Robert Stanford Tuck, rubani Mwingereza, aliangushwa Ufaransa Januari 1942 na mizinga ya ardhini, Galland akamkaribisha chakula kabla hajapelekwa kambi ya wafungwa, na baada ya vita wakawa marafiki mpaka Galland akawa baba wa ubatizo wa mtoto wake. Mwambie mama hiyo stori. Akikataa bado, itundike chumbani kwako.

SWALI: Anko, fundi fremu wangu huku Kigamboni kakata weupe wote wa chini ili picha iingie kwenye fremu aliyokuwa nayo. Sahihi na namba zimeenda. Naweza kubandika tena?

JIBU: Pole sana kaka. Kubandika hapana, gundi itaharibu na kilichobaki. Mrudie leoleo uombe kile kipande kama hakijazolewa na takataka, ukiweke kwenye bahasha nyuma ya fremu, angalau sahihi unazo, japo bei ndio imeshaondoka. Na kwa hewa yenu ya bahari mwambie aweke karatasi nene iliyokatwa dirisha katikati, ikae kati ya picha na kioo, isigusane, maana jasho la kioo ndilo linaloleta vile vidoa vya ukungu vya kahawia. Hardibodi ya nyuma nayo aitoe. Mkasi asiushike tena, pima wewe.